Bi Mwatima na Jina Asilolitaja

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba wakataka kulala. Nipeni nyingine. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa najua mpo. Sogeeni, lakini msinizibie moto, na mimi nasikia baridi kama nyinyi. Pakawa na mlima, mlimani pakawa na majabali, na chini ya majabali pakawa na mji ulioitwa Magengeni. Ni zamani hizo, kale sana, wakati mnyama akikusalimu ulimwitikia kama unavyomwitikia jirani, wala hakuna aliyeshangaa.

Mji wenyewe haukuwa mkubwa. Watu wake walikuwa mia moja na kumi na watatu, wachanga na vikongwe wote ndani. Walilima mtama na kunde, walifuga mbuzi, na maji yao yote waliyachota kwenye chemchemi moja tu, iliyotokea ubavuni mwa mlima, katikati ya mawe meusi.

Basi katika mji huo alikaa mwanamke, jina lake Bi Mwatima. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi uinamishe kichwa kuisikia. Na huyu mwanamke sifa zake zilivuka mlima. Waliogombana walimjia. Waliodhulumiwa walimjia. Watu walitembea siku mbili kuja kukaa kibarazani kwake, na walipoondoka walikwenda kupatana na ndugu zao. Jumbe wa mji, Mwinyikai, alikuwa hasemi na ndugu yake tumbo moja kwa miaka tisa. Akaenda kwa Bi Mwatima, akaketi, akasikiliza, akanyanyuka moja kwa moja hadi kwa nduguye, na siku hiyohiyo wakala sahani moja. Mwanamke mwingine, Tabu, mumewe alimtoroka akarudi amekonda kama ufito. Akaenda kwa Bi Mwatima, akaketi, akasikiliza, akamfungulia mumewe mlango.

Mtauliza, watu walimwaminia nini? Nitawaambia. Sifa zile zilianza siku ya msiba.

Miaka ishirini na miwili kabla ya haya ninayowasimulia, Bi Mwatima alikuwa na binti mmoja tu, Zawena, wa miaka minne. Siku za mavuno zilipofika, akamwacha kwa shoga yake Mashavu, waliyepakana naye ua kwa ua, aende shamba kukata mtama. Mashavu alikuwa ameamka alfajiri kutwanga. Jua lilipokuwa kali alijinyoosha kibarazani, akajiambia, nafumba jicho kidogo tu. Usingizi ukamchukua. Zawena akatoka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye mti wa mnyonyo, akachuma zile mbegu zake zenye madoa ambazo watoto huziona nzuri, akazila. Mbegu za mnyonyo ni sumu. Siku ya tatu wakamzika.

Watu walikasirika sana. Walisimama makaburini, udongo bado mbichi, wakasema Mashavu afukuzwe mjini, achukue kilicho chake na jua lisimkute. Mashavu alikuwa amekaa chini pembeni, kichwa kimefunikwa kanga. Ndipo Bi Mwatima akainuka kaburini kwa mwanawe. Akasema, "Mwacheni. Mimi nimemsamehe." Akasema tena, "Nimemsamehe." Na mara ya tatu, "Nimemsamehe."

Watu wakalia hadharani, wanaume kwa wanawake. Walisema hawajawahi kuona moyo kama ule. Mashavu akabaki mjini. Na tangu siku hiyo jina la Bi Mwatima likaanza kutembea.

Sasa sikilizeni desturi yake. Kila alfajiri Bi Mwatima alichukua mkeka wake akapanda juu ya jabali kubwa, akaketi, akawaombea watu wa Magengeni kwa Mungu. Wala hakuwaombea kwa jumla, kama mtu anayemwaga mchele kwa kuku. Aliwataja mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na kila mmoja na haja yake. Fulani na goti lake. Fulani na mimba yake ya kwanza. Fulani na hasira zake. Mpaka amalize, jua lilikuwa limeshapanda.

Ndani ya lile jabali, kwenye ufa, alikaa Pimbi. Mnamjua pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, anayeota jua juu ya mawe kama mzee aliyeacha kazi. Pimbi huyu alikuwa ameisikia dua ile tangu utoto wake, na majina yote aliyajua kwa moyo. Kila Bi Mwatima alipokunja mkeka, Pimbi alitoa pua yake nje ya ufa.

"Umemaliza, Bi Mwatima?"

"Nimemaliza, Pimbi."

"Haya."

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Umemaliza? Nimemaliza. Haya. Bi Mwatima aliona ni adabu tu za mnyama.

Ikaja miaka ya ukame. Mwaka wa kwanza mtama ulinyauka. Mwaka wa pili mbuzi walikufa. Mwaka wa tatu mvua haikunyesha hata tone, na chemchemi ikapungua ikawa uzi. Kisha siku moja wanawake walipokwenda na mitungi yao wakamkuta Chatu amejizungusha juu ya jicho la chemchemi, mizunguko saba, mnene kama shina la mnazi, na chini yake hakuna hata tone linalopita.

Jumbe Mwinyikai akaja na wazee. "Bwana Chatu," akasema, "tuna watoto. Tupishe tuchote."

Chatu akainua kichwa polepole. "Maji yamebaki machache, na mimi ndiye mlinzi wake tangu babu zenu hawajazaliwa. Sitawanyima. Lakini sitayaachia mikononi mwa nisiowajua. Nileteeni mtu mmoja aje mbele yangu aseme yeye ni nani. Nikimtambua, nitaondoka. Nisipomtambua, hapa nimelala."

Mji mzima ulitoa jibu moja, hata hawakuhitaji baraza. Wakaenda kwa Bi Mwatima. Akajifunga kanga safi, akapanda hadi chemchemini, na watu wote nyuma yake wamebeba mitungi mitupu.

Chatu akamtazama. "Nani anaomba?"

"Ni mimi, Mwatima. Ni yule anayewaombea watu wote wa Magengeni kila alfajiri. Ni yule aliyesamehe."

Chatu akakaza macho. Kisha akateremsha kichwa juu ya mizunguko yake. "Huyo simjui. Nenda ukamlete Mwatima mwenyewe."

Watu walishangaa, kisha wakamkasirikia Chatu. Walisema ni mzee, macho yameingia ukungu. Bi Mwatima akageuka. Alirudi nyumbani, na njiani, nawaambieni ukweli, moyo wake ulikuwa umeumia kama wa mtoto aliyetukanwa mbele za watu. Usiku ule hakulala vizuri, na alfajiri alipanda jabalini amechoka. Akataja majina yake yote. Akakunja mkeka.

"Umemaliza, Bi Mwatima?" akauliza Pimbi.

Safari hii Bi Mwatima hakuitika. Akasema, "Pimbi, kwa nini huniuliza hivyo kila siku?"

"Kwa sababu kila siku unasema umemaliza."

"Na si nimemaliza?"

Pimbi akatoka ufani mzima, akakaa juani, akajikuna shingo. "Mji una watu mia moja na kumi na watatu, na wewe mmoja wao, maana nawe unajitaja. Unataja mia moja na kumi na wawili. Ukifika nyumba ya Jumbe, unatoka hapo unarukia nyumba ya Tabu. Katikati yake kuna nyumba. Mimi nikikaa hapa juu naiona. Ina paa la makuti na moshi unatoka."

Bi Mwatima alibaki ameshika mkeka.

"Siyo kweli," akasema.

"Haya," akasema Pimbi.

"Mimi Mashavu namsalimia. Kukiwa na sherehe nampelekea chakula. Alipougua homa nilimpelekea dawa."

"Haya."

"Nilimsamehe mbele ya watu wote. Nilisema mara tatu."

Pimbi akamtazama kwa upole. "Mimi sikuwepo, hata babu yangu alikuwa mtoto. Mimi najua majina tu. Na hilo sijawahi kulisikia."

Bi Mwatima akateremka mlima. Alitembea, na huku akitembea aliyarudia majina kichwani. Nyumba ya Jumbe. Nyumba ya Tabu. Akarudia. Nyumba ya Jumbe. Nyumba ya Tabu. Ulimi wake ulikuwa umeshajua njia kama ng'ombe anayejua njia ya zizini, na njia hiyo haikupita kwa Mashavu. Miaka ishirini na miwili. Wala hakuwahi kuamua kumwacha. Hilo ndilo lililomwogofya. Mtu anayeacha jambo kwa makusudi anajua ameliacha wapi.

Ndugu zangu, mwingine angesema pimbi ni mnyama wa mawe tu, anajua nini. Mwingine angemfukuza ufani. Bi Mwatima alikwenda nyumbani, akaketi chini, akasema kwa sauti, "Kumbe."

Mchana wa siku hiyo alichukua majivu akajipaka usoni na mikononi. Akavua kanga safi akavaa kaniki iliyochakaa. Akapanda tena hadi chemchemini, na watu walipomwona wakaanza kulia, maana hawakujua kimempata nini.

Chatu akainua kichwa. "Nani anaomba?"

Bi Mwatima akapiga magoti. "Ni mimi, kiumbe kiovu kuliko wote. Ni mwongo, ni mnafiki, ni takataka. Dua zangu zote zilikuwa upepo. Hakuna jema lolote ndani yangu."

Watu wakaguna. Wakasema, tazama unyenyekevu wake. Hata Jumbe alifuta machozi.

Chatu akamtazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza. "Huyo wa jana nilikaribia kumjua," akasema. "Huyu simjui kabisa. Aliyemwombea Tabu mpaka mumewe akarudi ni nani? Aliyelala sakafuni siku nane akimwuguza mtoto wa Jumbe ni nani? Nenda ukamlete Mwatima mwenyewe."

Akateremsha kichwa.

Bi Mwatima alirudi akiwa amefedheheka kuliko siku ya kwanza, kwa kuwa safari hii alijua Chatu amesema kweli. Yale majivu hayakuwa toba. Alipojipaka, nusu ya moyo wake ilikuwa ikiwatazama watu, kuona kama wanamtazama. Alikwenda kunawa. Maji ya kunawa hayakuwepo. Akajifuta na majani ya kunde yaliyokauka, na uso ukabaki na mistari.

Alfajiri ya siku ya tatu akapanda jabalini. Akaanza. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika kwa Jumbe. Akapumua. Akafungua mdomo kulitaja lile jina. Mdomo ukakauka. Akajaribu tena. Jina halikutoka. Akajaribu mara ya tatu, na badala ya jina ikatoka sauti nyingine, sauti ambayo hakuitoa hata siku ya msiba, maana siku ile kila mtu alilia isipokuwa yeye. Alilia juu ya lile jabali mpaka mgongo ukamuuma. Na ndani ya kile kilio kulikuwa na hasira. Ilikuwa hai, ina nguvu, haijazeeka hata siku moja. Ilikuwa na umri ule ule aliouacha Zawena.

Pimbi alikaa mlangoni mwa ufa wake. Hakuuliza kama amemaliza.

Bi Mwatima alipotulia akakunja mkeka, akateremka. Hakupita nyumbani. Akapita nyumba ya Jumbe, akasimama kwenye nyumba ya makuti, akabisha hodi.

Mashavu alikuwa uani anachambua kunde kwenye ungo, kiganja kimoja tu cha kunde, kwani ndizo zilizobaki. Alikuwa amenenepa zamani na sasa amenyauka kwa njaa, ngozi ya shingo inaning'inia. Alipomwona mgeni wake, na ule uso wenye mistari ya majivu, akaweka ungo chini.

"Karibu, Mwatima."

"Starehe. Sitakaa." Lakini akaketi kwenye kigoda. "Nimekuja kukwambia neno. Niliwaambia watu nimekusamehe. Sijakusamehe."

Mashavu akasema, "Najua."

"Umejuaje, na mimi mwenyewe nimejua jana?"

"Miaka yote hii unaniletea chakula. Sahani inafika imefunikwa kawa, chakula kizuri. Na mimi nikikupikia unasema umeshakula. Hujawahi kuonja chungu changu tangu mtoto afe. Hata maji ya kunywa kwangu hunywi." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. "Nilidhani unajua."

Bi Mwatima akainama.

"Nilikuwa nangoja uje unitukane," Mashavu akaendelea. "Mwaka wa kwanza nilingoja kila siku. Nilitaka uje unipige, uvunje vyungu vyangu. Hukuja. Ulipita hapo njiani ukasema, habari za asubuhi. Na kwa kuwa wewe umesamehe, hakuna tena aliyeweza kunisema. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kunisema, mimi pia sikuwa na wa kumwambia."

"Wa kumwambia nini?"

Mashavu alitazama mikono yake. "Kwamba tangu siku ile sijalala mchana. Hata nikiugua. Nikiwa na homa nakaa, naegemea nguzo. Kwamba mnyonyo ule niliukata mwenyewe kwa shoka, na kila mwaka unachipua, na kila mwaka nausubiri uchipue niukate tena. Kwamba alikuwa akiniita Mama Shavu."

Sasa kama ni hadithi ya kubembelezea watoto, ningewaambia walikumbatiana hapo yakaisha. Hayakuisha. Bi Mwatima aliposikia lile jina la Mama Shavu hasira ilimpanda ikamfika machoni. Akainuka kigodani. Akasema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote maishani mwake, maneno ya uchungu, ya kukata, na aliyasema kwa ile sauti yake ya chini, moja baada ya jingine. Mashavu aliyapokea yote ameketi. Hakujitetea. Machozi yalimtiririka yakadondokea kwenye ungo wa kunde.

Maneno yalipokwisha, Bi Mwatima aliketi tena. Kivuli cha nyumba kikasogea mpaka miguuni pao.

Kisha Bi Mwatima akasema, "Na mbona nakuhurumia?"

Mashavu akainua uso.

"Nakuchukia," akasema Bi Mwatima, akiongea polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Nakuchukia kweli. Na nikikutazama ulivyokonda nataka kukupikia uji. Vyote viwili ni vyangu. Nilidhani lazima kimoja kiwe uongo."

Akainuka. "Nakwenda chemchemini. Nitasema haya mbele ya watu. Jina lako litatajwa. Nimekuja kukuuliza kwanza."

Mashavu akajifunga kanga yake. "Twende wote," akasema.

Watu walipowaona wawili wale wanapanda pamoja, wakafuata. Wengine walikuwa dhaifu kwa kiu, wakasaidiana. Mji mzima ukasimama mbele ya mawe meusi.

Chatu akainua kichwa mara ya tatu. "Nani anaomba?"

Bi Mwatima alisimama. Hakuwa na kanga safi, wala hakuwa na majivu zaidi ya ile mistari iliyogoma kutoka. Akasema:

"Ni mimi, Mwatima, mama wa Zawena. Ninawapenda watu hawa. Ninapowaombea nawaombea kwa kweli, na Mungu anajua. Na mmoja wao, huyu hapa Mashavu, ninamchukia kwa ajili ya mwanangu. Nilisema nimemsamehe kabla sijajua ninasema nini, na watu waliponisifu nikaogopa kurudi nyuma kutazama. Miaka ishirini na miwili nimeruka jina lake. Ninataka kumsamehe. Bado sijaweza. Haya mawili yanakaa ndani yangu, hayasikilizani, na sijui kuyapatanisha, mimi ninayepatanisha watu. Anayeomba maji ni huyo."

Kisha Tabu, yule ambaye mumewe alirudi, akapenya mbele. Uso umemkunjamana.

"Bi Mwatima, mimi nilimsamehe mume wangu kwa ajili yako. Nilijiambia, ikiwa yeye ameweza lile lake, mimi nashindwaje hili langu. Leo unaniambia hukuweza?"

Hilo ndilo Bi Mwatima alilokuwa akiliogopa kuliko kiu. Alimgeukia.

"Nakwambia, Tabu. Sikuweza. Wewe uliweza. Ulifanya kitu kikubwa kuliko nilichofanya mimi, na ulifanya bila mtu wa kukuonyesha. Kuanzia leo mimi ndiye nitakayekuja kibarazani kwako kujifunza."

Tabu alibaki amesimama, midomo inamcheza. Lakini alitoka pale alipokuwa, akaja akasimama ubavuni mwa Bi Mwatima, upande wa pili wa Mashavu, akatazama mbele.

Watu wote wakamgeukia Chatu.

Chatu alishusha kichwa mpaka kikawa sawa na uso wa Bi Mwatima. Ulimi wake ukatoka ukaingia. "Huyu namjua," akasema. "Huyu nilimwona makaburini akiwa amesimama bila kulia, nikajiuliza atarudi lini. Umechelewa, mwanangu. Lakini umekuja mzima."

Akafungua mzunguko wa kwanza. Akafungua wa pili. Akafungua wa tatu, na wa nne, hadi wa saba, akateleza kando ya mawe akaingia kwenye vichaka. Pale alipokuwa, maji yakachungulia. Yalikuwa uzi, kama Chatu alivyosema, siyo mto. Watu hawakusukumana. Walipanga foleni, watoto kwanza, na mtungi mmoja ukajaa kwa muda wa mtu kuchemsha uji. Wakayagawana kwa kata mpaka mvua zilipokuja, mwezi mmoja na nusu baadaye, bila kishindo, mvua za kawaida tu.

Mtasema, baada ya hapo watu walimdharau. Wako waliomdharau. Wageni wa kutoka mbali walipungua, maana wengi walikuwa wanataka mtu asiye na doa, na habari za doa husafiri upesi. Lakini watu wa Magengeni wenyewe walifanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Walianza kupanda jabalini alfajiri wao wenyewe. Mmoja mmoja, kwa haya, mkeka kwapani. Zamani walikuwa wakimtuma Bi Mwatima awaombee. Sasa walikuja na majina yao waliyokuwa wakiyaruka, kila mtu na la kwake. Jumbe Mwinyikai naye alikuja, ikabainika kwamba sahani moja na nduguye ilikuwa sahani tu, na kwamba moyoni kulikuwa na ufa uliobaki. Aliusema. Ndugu yake akamwambia hata yeye. Wakacheka, wazee wazima, juu ya jabali.

Na hasira ya Bi Mwatima? Ilikuwepo. Kuna siku ilimlalia kifuani akashindwa kunyanyuka kitandani. Siku hizo alikwenda kwa Mashavu akamwambia, leo imeamka, usinisogelee. Mashavu alisema, haya, akarudi kwenye chungu chake. Siku nyingine alikwenda akaketi, wakachambua kunde pamoja, wakamzungumzia Zawena, alivyokuwa mbishi, alivyokuwa hapendi kuchanwa nywele. Na siku moja, sikumbuki ni mwaka wa ngapi, Mashavu alipakua uji akamwekea mbele bila kusema neno. Bi Mwatima aliutazama ule uji mpaka ukaanza kuganda juu. Kisha akaunywa wote.

Mimi mwanamke huyu nampenda. Nimewasimulia habari za mashujaa waliopigana na simba, na wengine walioyashinda majini ya baharini, na sijui kama yupo aliyefanya kazi ngumu kama ya mjane yule, ya kukaa na moyo wake wote bila kuufukuzia nje upande mmoja.

Alizeeka, akafa, kama wote tutakavyokufa. Alikufa asubuhi, katika msimu wa kunde. Ndugu zake wa ukoo walikuja kumwosha, wakakuta mlango umefungwa na ndani kuna mtu. Alikuwa Mashavu. Alikuwa ameshateka maji, ameshayatia majani ya mkunazi, kanga ameipandisha, mikono yake mizee iko wazi hadi kwenye viwiko. Alisema kwamba marehemu alimwachia kazi hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna aliyebisha. Alimwosha taratibu, akamkausha, akamchana nywele.

Walipotoka makaburini, msichana mmoja wa ukoo akamkaribia. Alikuwa amezisikia zile habari tangu utotoni. Akasema, "Shikamoo, bibi. Naomba nikuulize. Mwishowe alikusamehe?"

Mashavu alikuwa akitembea kwa mkongojo. Alisimama kidogo, akafikiri, maana hakutaka kusema zaidi ya ukweli wala pungufu yake.

"Siku nyingine ndiyo, mjukuu wangu," akasema. "Siku nyingine hapana. Lakini kila siku aliniambia."

Kisha akaendelea na njia yake.

Hadithi yangu imekomea hapo, mimi nimeitua. Aliyeipenda aibebe, na asiyeipenda aiache hapa karibu na moto, isije ikashikwa na baridi.